Orodha ya Jumatatu

Mimi ni mtu wa kiherehere, na sisemi hivyo kwa kujuta. Kiherehere ndicho kilichonipa duka. Pale Dunda nilianza na mashine moja ya kutoa kopi na kamera ya picha za pasipoti, nikawa naingiza pua kwenye kompyuta za watu bila kuitwa, na baada ya miaka michache ikawa printa ikikwaruza popote mjini Bagamoyo mtu anaambiwa, "Mwite yule dada wa kopi." Sikusomea. Nimeharibu vitu vya watu mpaka nikajua kuvitengeneza.

Kwa hiyo muuguzi mkuu wa zahanati ya jumuiya alipoingia dukani asubuhi ya Jumatano, bodaboda akimsubiri nje bila hata kuzima pikipiki, nilijua si kopi iliyomleta. Ni mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wamsogelee ili wamsikie. Wadogo zangu wote wawili aliwachanja yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama. Karibu kiti."

"Sikai. Wanataka kunizimia programu yangu."

Programu yenyewe aliijenga kwa mikono yake, miaka zaidi ya kumi iliyopita. Walimpeleka Dar kwenye kozi fupi ya kuandika barua kwa kompyuta, yeye akawahi kumaliza barua zake, akafungua programu ya jirani iliyokuwa kwenye mashine ileile, ile ya kutunza kumbukumbu kwa majedwali, akaona inafaa. Akanunua kitabu chake, akakisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Aliporudi akatengeneza jedwali la kina mama, jedwali la watoto, na kitufe kimoja kikubwa. Kila Jumatatu anabonyeza kitufe, inatoka orodha ya watoto waliotimiza wiki sita na hawajaletwa kuchanjwa, imepangwa kwa mitaa, na kila nyumba imeelezwa jinsi watu wanavyoijua: nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani, ulizia kwa muuza vitumbua.

Wiki sita si muda wa kuokotwa. Mama anatoka arobaini, siku mbili baadaye mtoto anatakiwa sindano. Katikati hapo ndipo bibi anaposema ngojeni kidogo, shangazi anasema mtoto bado mchanga, na wiki zinakwenda. Mhudumu wa kujitolea akipita na orodha, akapiga hodi, akatania kidogo, akanywa chai, kesho yake mtoto yuko kwenye foleni.

"Orodha yangu haijawahi kubisha hodi mlango usiofaa," aliniambia. Alisema hivyo kwa namna wengine wanavyosema wamekwenda Maka.

Sasa jumuiya ilikuwa imenunua seva, kompyuta moja kubwa ya kutunza kumbukumbu za zahanati zake zote. Waliuziwa na kampuni ya mjini, na ilikuja na kurasa zake za kujazia ambazo zilidai namba ya nyumba na namba ya barabara. Muulize mtu wa Dunda namba ya nyumba yake uone atakavyokutazama. Yule mama alipolalamika, wakubwa wake walimpa sharti: kama programu yake ya zamani inaweza kusoma na kuandika kwenye seva mpya ifikapo Jumatatu, abaki nayo. La sivyo inazimwa, atajaza zile kurasa za seva kama wenzake.

"Nataka Jumatatu orodha itoke kama inavyotoka siku zote," alisema. "Milango ileile. Utaweza?"

"Mama, hiyo kazi ndogo," nikamjibu.

Sikuwa nimewahi kuifanya maishani mwangu.

Tatizo lilikuwa hili. Programu ya majedwali ambayo yule mama alijengea yake ilitengenezwa na kampuni moja, seva na kampuni nyingine kabisa, na kampuni hizi mbili hazijawahi kupendana. Hazizungumzi moja kwa moja. Katikati lazima akae wa tatu, programu ndogo ambayo mafundi wa mjini wanaiita dereva. Mimi nilimwita mshenga, kwa sababu kazi yake ni hiyohiyo: kubeba maneno ya nyumba hii kwenda nyumba ile, kuyalainisha njiani, na kurudi na jibu. Na kama washenga wote, akikosea neno moja harusi haipo.

Alhamisi nzima iliishia kwa mshenga. Nilimpakua kwa bando langu mwenyewe, nikamweka kwenye kompyuta ya zahanati, nikampa jina la seva na neno la siri, akakataa. Nikamtoa, nikamrudisha, akakataa. Nikampigia simu kijana wa kampuni ya mjini, akaniuliza kwa upole wa kuudhi kama nimehakikisha ni saizi sahihi. Saizi! Kumbe wako wa saizi mbili, na programu ya zamani ya yule mama ilitaka mdogo, mimi nimempa mkubwa. Kuuliza si ujinga, najua, ila kuna kuuliza kunakochoma. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaisonya hewa.

Ijumaa baada ya sala mshenga mdogo alifanya kazi. Nilihamisha majedwali kwenda kwenye seva, nikayaunganisha na programu, nikamwita mama mwenyewe aje aone. Akavaa miwani. Kina mama waliokuwa kwenye benchi wakanyoosha shingo nao, kwa sababu pale zahanati kuna soketi moja tu inayofanya kazi, iko upande wa mlango, na skrini imebidi ielekee kwenye benchi. Chochote kinachoandikwa kinasomwa na kila mwenye macho.

Nikafungua jedwali la watoto. Kila kisanduku, kila mstari, kutoka juu mpaka chini, kilikuwa kimejaa neno moja la Kiingereza.

"Linasemaje?" aliuliza, ingawa najua alilielewa.

"Linasema imefutwa."

"Watoto wangu wamefutwa?"

Mmoja kwenye benchi akasema, "Astaghfirullah," akamkumbatia mwanawe kana kwamba naye angepotea. Mimi jasho lilinitoka mpaka nyuma ya magoti. Lakini hawakuwa wamefutwa. Seva ilikuwa imempa kila mtoto namba ndefu, na programu ya zamani inajua namba fupi tu. Ilikuwa inauliza, "Nipe mtoto namba fulani," inaikata namba katikati, haimpati, inahitimisha kwamba ameondoka. Nikazifupisha namba kule kwenye seva, nikafungua tena, na watoto wakarudi wote, na mama zao, na milango yao ya kijani. Benchi zima likapiga vigelegele. Nimefunga printa nyingi katika maisha yangu na hakuna hata moja iliyowahi kunipatia kigelegele.

Jumamosi nilirudi peke yangu kumalizia kitufe. Mama alikuwa amekwenda msibani Mapinga, kaniachia ufunguo. Nikabonyeza. Orodha ikatoka pungufu: watoto wenye majina hawakuwemo hata mmoja, walikuwepo tu wale ambao jina halijaletwa. Hawa huwapo siku zote. Mtoto wa kwetu hupewa jina siku ya saba, yule mama anamwandika siku anayozaliwa, kwa hiyo nafasi ya jina inabaki wazi mpaka atokee mtu wa kuja kulitaja, na wapo wanaosahau hadi mwezi wa pili.

Nikaingia ndani ya kitufe kuona kinauliza nini. Nikakuta sharti moja la ajabu kuhusu jina, lenye alama mbili za kunukuu bila kitu katikati. Nikajaribu kulisoma, sikulielewa. Nikasema haya ni mabaki ya mtu aliyekuwa anajifunza. Nikalifuta.

Nikabonyeza tena. Zikatoka kurasa mbili. Siku zote ilikuwa moja, na hata hiyo haijai. Furaha niliyokuwa nayo naionea aibu hadi leo. Nilijiambia kwamba seva mpya imewaibua watoto waliokuwa wamesahaulika, kwamba programu ya zamani ilikuwa inawaruka, na mimi, dada wa kopi, ndiye niliyewapata. Nikamwandikia ujumbe: "Tayari mama!" Akajibu: "Alhamdulillahi. Mungu akuweke."

Jumatatu asubuhi zahanati ilifurika. Mama alikuwa ameinamia sindano, hana nafasi ya kuinua kichwa. Kwa kawaida huipitia orodha kabla haijatoka, na mhudumu naye huipitia. Lakini mhudumu alikuwa Mkange kwenye harusi ya mdogo wake, na mimi kiherehere kilinipanda. Nikabonyeza kitufe, nikachukua kurasa zangu mbili, nikamwambia kwa mbali, "Mama, leo nazungusha mimi!" Akanipungia mkono wenye pamba.

Mlango wa kwanza haukuwa mbali, nilikwenda kwa miguu. Karatasi ilisema: jina la mama, nyumba ya pili baada ya fundi cherehani, mtoto wa kike, jina bado, chanjo ya wiki sita bado. Nikamkuta dada wa umri wangu amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Hodi hapa."

"Karibu. Karibu dada."

"Habari za asubuhi?"

"Salama. Za kwako?"

"Nzuri. Natokea zahanati. Nimekuja kumkumbusha mama mwenye mali yake," nikasema kwa kicheko, maana ndivyo wanavyofanya wahudumu, "mtoto wetu hajaletwa sindano. Na jina pia mmetubania!"

Mkono wake ukasimama juu ya mchele.

"Mtoto yupi?"

"Wa kike. Huyu hapa."

"Huyo tulimzika, dada. Siku ya tano. Mwaka jana."

Nimekaa nikiutafuta uongo mzuri wa kuandika hapa, kwamba nilisema jambo la maana. Sikusema. Nilisema pole, nikasema tena pole, nikasema kompyuta imekosea, nikaona haya kwa kuitaja kompyuta. Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeshageuka.

"Hebu nione," alisema.

Nikampa karatasi. Akaifuata kwa kidole mpaka kwenye jina lake, akaendelea mpaka mahali palipoandikwa bado.

"Hapa ndipo lingekaa jina lake?"

"Ndiyo."

"Alikuwa nalo. Baba yake alishalichagua, tukawa tunangoja siku ya saba tulitangaze. Mbuzi alishafungwa pale nyuma." Akasukuma mchele pembeni ya ungo. "Watu walikuja wengi kwenye msiba. Walituombea, walitupikia, sina lawama. Ila hakuna aliyeniuliza alikuwa aitwe nani. Una kalamu?"

Akaandika mwenyewe, juu ya ungo, kwa herufi kubwa za shule ya msingi. Kisha akanirudishia karatasi na kuniambia nimsalimie mama wa zahanati.

Mlango wa pili sikwenda. Nilirudi nikitembea upesi, nimezikunja zile kurasa kifuani, naogopa hata upepo usizisome. Nikamngoja mama amalize mtoto aliyekuwa naye. Alipoiona orodha, kabla sijafungua mdomo, alikaa chini.

"Nani amewaweka hawa humu?"

"Mimi."

Sijawahi kuogopa sauti ya chini namna ile. Akanieleza taratibu, nadhani kwa sababu angeeleza kwa haraka angenipiga. Alipoijenga programu yake hakuweka safu ya watoto wanaofariki. Hakutaka. Nani anaanza daftari la watoto kwa kuchora safu ya kifo? Baadaye, ilipomlazimu, hakuweza kuliandika neno lile kwenye skrini inayotazamana na benchi la wazazi. Akakumbuka kitabu chake. Kitabu kilifundisha kwamba kwenye programu ile kuna utupu wa aina mbili. Ukiacha nafasi bila kuigusa, maana yake sijui. Ukiandika alama mbili za kunukuu bila kitu katikati, alama zinapotea, nafasi inabaki nyeupe vilevile kwa macho ya mtu, lakini programu inakumbuka kwamba maana yake ni najua, hakuna. Basi kila mtoto aliyefariki aliweka alama zile mbili mahali pa jina. Benchi halikuona kitu. Kitufe kiliona, kikauruka mlango ule. Miaka yote hiyo.

Walioitengeneza seva wao waliamua kwamba tupu ni tupu. Akili ni nywele. Nilipohamisha majedwali, utupu wote uligeuka kuwa wa aina moja, na lile sharti pekee lililobaki likipiga kelele kwamba kuna jambo, nililifuta kwa mkono wangu siku ya Jumamosi.

"Mama, ungeniambia," nikasema, na machozi yananitoka.

"Ungeniuliza."

Alikuwa na haki. Nililia kwa dakika chache pale nyuma ya friji la chanjo, kwa aibu zaidi kuliko huzuni, naye akaniacha nilie, akachanja watoto wawili, kisha akaja na kiti chake.

Faili la zamani lilikuwa bado lipo, sikuwa nimelifuta, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya wiki ile. Tukawatafuta wote wenye zile alama mbili. Nikamwambia sasa hakuna ujanja, lazima safu iwepo kwenye seva, iwe na ndiyo au siyo. Akafikiri. Safu akaiita "Ametangulia", na kuanzia hapo kitufe kikawa kinaitazama hiyo kwanza. Wakubwa wake walipokuja saa nane kukagua, orodha ilikuwa ukurasa mmoja, milango ileile, na programu yake wakaiacha. Hakuwaeleza kitu kuhusu asubuhi. Mimi pia sikuwaeleza, na nilitamani anikaripie mbele yao.

Walipoondoka aliomba ile karatasi yangu. Akazisoma zile herufi kubwa zilizoandikwa kwa kalamu, akafungua mstari wa yule mtoto, akaweka tiki kwenye Ametangulia, na mahali pa jina, ambapo kwa mwaka mzima palikuwa pakisema najua hakuna, akaandika jina. Alama ndogo ya penseli ilionekana pembeni ya mstari, ile inayoonyesha kwamba kilichoandikwa bado hakijafika kwenye seva. Akashuka mstari mmoja, penseli ikaondoka.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akatoa kadi mpya ya kliniki kutoka kwenye droo, ile ya kawaida anayopewa kila mtoto, akaijaza kwa mkono: jina la mtoto, jina la mama, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, uzito. Sehemu ya chanjo akaiacha. Akajifunga mtandio vizuri, akaniambia nimwonyeshe njia, ingawa njia anaijua kuliko mimi.

Dada alikuwa bado barazani, mchele umeshapikwa, anafagia. Wakasalimiana kwa urefu, afya, nyumba, wakwe, kama inavyotakiwa. Mama akampa kadi kwa mikono miwili, akamwambia, "Hii ilichelewa, mwanangu. Utusamehe." Dada akaegemeza fagio ukutani. Akaisoma pale juu, jina tu, nikaona midomo yake inavyolitamka bila sauti. Kisha akageuka, akamwita mumewe aliyekuwa ndani.

"Njoo uone," alisema. "Wameliandika."